Unene wa Karata

Msumeno wa meza ni wa mwaka arobaini na tisa,
chuma cha kusubu, uzito wa ng'ombe.
Baba aliuteremsha huku chini ya nyumba kwa kamba na wanaume watatu,
na hakuna atakayeupandisha tena.
Juu yangu, Hancock imezikwa na theluji hadi madirishani.
Taa inakoroma. Naukagua.

Sina ugomvi na mota, wala na diski.
Ugomvi wangu ni na kiongozi,
kile chuma kirefu ambacho ubao hukiegemea unapopita.
Kikishika njia, mti nao hushika njia.
Hiki hakishiki.
Mbele kinasoma inchi tatu kamili;
nyuma kimejongea kwenye meno
kwa unene wa karata.

Karata moja tu. Lakini mwaloni unajua:
unabanwa, unapiga yowe, unatoka na ukingo mweusi
wenye harufu ya mkate uliosahauliwa.
Na siku moja, kabla sijazaliwa, uliruka.
Tundu lipo bado ukutani, usawa wa nyonga.
Baba alilizungushia penseli, akaandika tarehe,
kama watu wanavyoandika urefu wa mtoto mlangoni.
Kisha, namjua, akaendelea kupasua.

Boliti mbili kichwani. Kutu imezikumbatia.
Naweka mafuta, nanywa kahawa, narudi: bado.
Naweka tena. Naapa kwa Kifini, lugha niliyorithi
kwa ajili ya jikoni na spana tu.
Ya kwanza inalegea. Ya pili inatoka na ngozi ya kidole changu.

Nanyoosha. Napima kutoka mfereji wa meza, mbele, nyuma.
Nakaza: kinahama.
Nalegeza, nagonga kwa nyundo ya mbao,
pigo la kumwamsha mtu bila kumshtua.
Nakaza: kinahama, kidogo.
Mara ya sita, au ya saba, kinatulia.

Napitisha ubao. Hakuna yowe.
Ukingo unatoka mweupe kama jino jipya.
Nacheka peke yangu.

Jioni napandisha uso mpya wa droo ya vijiko.
Hauingii.
Napima droo: sawa. Napima ubao: sawa, sawa kabisa.
Napima jiko.

Lo.
Kila kabati, kila rafu, fremu ya dirisha la sinki,
miaka thelathini na minane ya kazi yake,
vyote vimepungua kwa unene uleule,
vimeshikana bega kwa bega, havina hata ufa.
Kiongozi kilipinda.
Kiongozi alipinda, na nyumba nzima ikakubaliana naye.

"Aila, umefanya nini huko chini?"
"Nimenyoosha msumeno, Mama."
"Nani alikutuma?"

Anacheza karata peke yake, kama kila usiku tangu Oktoba,
miwani puani, redio ikitaja baridi ya kesho.
Sina jibu. Nasimama na ubao wangu ulio sahihi
katika nyumba isiyouhitaji.

Kukipinda tena sitakipinda. Lile tundu nimeliona.
Nanyosha mkono juu ya meza, nachukua saba ya uru,
nachukua mzungu wa nne wa kopa.
"Hizo nazirudisha," nasema, na sote tunajua sivyo.

Chini, nazibandika ubavuni mwa ubao, moja kila ncha,
ziguse kiongozi zinapopita.
Chuma kinabaki kimenyooka.
Kosa naliweka mimi, kwa mkono wangu, kwa kipimo,
na ukingo unatoka mweupe.

Droo inaingia kwa pumzi moja, fuu,
kama mtu anayezima mshumaa.
Mama hatazami. Anahesabu karata, hamsini,
anazichanganya,
anagawa.